Vipimo vya Mgonjwa Visifungiwe Ndani ya Kifaa

Mwaka 2013, nchini Marekani, mhandisi John Costik alitaka kufuatilia sukari katika damu ya mwanawe mdogo, mwenye kisukari cha aina ya kwanza, hata anapokuwa mbali naye. Kihisi alichovaa mtoto kilipima kila baada ya dakika 5, lakini majibu yalionekana tu kwenye kipokezi kilichokuwa karibu naye. Costik akaandika programu ya kuyatuma kwenye intaneti. Wazazi wengine wakaiboresha, ikagawiwa bure kwa jina la Nightscout, na msimbo wake ukaachwa wazi kwa yeyote kuuchunguza.

Wapo wanaohofia programu zisizotoka kiwandani, na hofu yao ina msingi: kosa katika dozi ya insulini huua. Hata hivyo, kilicho wazi hupimika. Katika utafiti wa New Zealand uliochapishwa mwaka 2022, watu 97 walifuatiliwa kwa wiki 24. Waliotumia mfumo huria wa kuendesha pampu ya insulini walikaa katika kiwango salama cha sukari kwa muda mrefu kuliko wenzao, na hakuna aliyeshukiwa na sukari kwa kiwango cha hatari.

Mgonjwa asibadilishe dozi bila ushauri wa daktari. Lakini hospitali inaponunua vifaa, isiulize bei pekee. Iulize pia kama mgonjwa na mhudumu wake wataweza kuvisoma vipimo bila kumwomba mtengenezaji ruhusa. Damu inayopimwa ni ya mgonjwa. Majibu nayo ni yake.