Mwili utafufuka, tusiuache shimoni

Kila Pasaka siye watu wa mugodi tunaimba kwamba wafu watafufuka. Lakini shimo likianguka, tunasikia: "Acheni, Mungu atawafufua palepale." Hapana, ndugu. Wale bamama walienda kaburini alfajiri na manukato, hawajajua bado kama Yesu amefufuka. Waliheshimu mwili tu. Hapa Kolwezi, mwezi wa sita 2019, udongo uliua wachimbaji zaidi ya 30. Mjane asiyepewa maiti atalilia wapi? Tunadai wakubwa wa kazi wachimbe mpaka wa mwisho atoke, ndipo matanga yaanze. Na mwili wenye kungojea ufufuo unastahili kofia ya kazi na miti ya kushika udongo wakati ungali muzima. Jumatatu sendika inapeleka barua. Njooni kutia sahihi, wachungaji pia.