Unataka mashine ya mabango? Anza na kisu, wino utafuata!

Leo naomba tuachane kidogo na habari za mapenzi na viwalo, tuzungumzie mkwanja. Siku hizi ukikaa kijiweni huchelewi kumsikia mtu akisema, "Mwanangu, nikipata mtaji tu, nafungua ofisi ya mabango na stika."

Na kazi kweli ipo. Hebu tazama ukiwa barabarani: daladala ina maandishi kuanzia kioo cha mbele mpaka bampa la nyuma, bajaji nayo ina maneno yake, saluni ina picha ya mrembo mlangoni, na mama lishe naye kapachika turubai lenye picha ya wali kuku. Zamani kazi hizo zilikuwa za wachoraji wa brashi. Leo mteja anataka kitu kilichotoka kwenye kompyuta, tena anakitaka jioni hiyo hiyo.

Kasheshe inaanza pale unaposhika fedha mkononi na kujiuliza ununue mashine gani. Hapo ndipo wengi wanauziwa mbuzi kwenye gunia.

Kuna mshikaji wangu mmoja wa Temeke, jina namhifadhia. Ni mchoraji wa ukweli. Kazi za brashi anapiga mwenyewe, na zile za picha anazitengeneza kwenye kompyuta, kisha anazipeleka Kariakoo kwa wenye mashine wamchapishie. Maza wake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akastaafu, kiinua mgongo kikatoka. Bi mkubwa akamwita mwanawe: "Chukua fungu hili ukanunue mashine, uache kuwatajirisha watu wa Kariakoo. Lakini ujue, mwanangu, hiyo ni chaki ya miaka 30." Jamaa akanifuata mimi, eti kwa kuwa nimemaliza fomu foo ninaweza kusoma vipeperushi vya Kiingereza. Basi tukazunguka mjini wiki 2 nzima.

Kwanza tuelewane. Mashine za kazi hii ni mbili na watu wanazichanganya. Ipo plota, ambayo haina wino kabisa, ina kisu. Inapita juu ya roli la stika na kukata herufi au umbo, huku ikiacha karatasi ya nyuma bila kuigusa. Wewe unang'oa mabaki kwa mkono, unahamishia herufi zako kwenye kioo cha gari, kazi imeisha. Plota haisomi picha ya sura ya mtu, inasoma mistari tu. Halafu ipo printa kubwa ya mabango, ile yenye upana wa mita 1.6 au 1.8, na nyingine zinafika mita 3.2. Hiyo ndiyo inayopiga picha za rangi kwenye turubai na stika.

Bila shaka macho ya jamaa yalikuwa kwenye printa. Nani asiyependa mashine kubwa? Muuzaji wa kwanza akamwaga sera: "Bosi wangu, hii inapiga mita mraba 30 kwa saa!" Nikamuuliza, kwa ubora upi? Akacheka, akajua tumekuja kivingine. Ndugu zangu, kasi inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye kipeperushi mara nyingi ni ile ya rasimu. Hedi, yaani kile kichwa kinachopuliza wino, ikipita mara chache kasi inakuwa kubwa lakini picha inakuwa na mistari mistari. Ukitaka picha safi, hedi lazima ipite mara nyingi zaidi, na kasi inashuka kweli kweli. Ndiyo maana tulikuwa tunakwenda na kazi yetu wenyewe kwenye flashi, siyo ile picha yao ya kasuku inayopendeza kila siku. Chapa hii, kwa ubora ambao mteja wangu ataukubali, na mimi nashika saa.

Lakini kasi siyo iliyotutisha. Kilichotutisha ni kulala. Printa hizi nyingi za bei ya kati, hasa za Kichina, zinatumia hedi za Epson. Hedi hiyo ina matundu madogo mno, na wino wa eko-solventi hukauka. Mashine ikifanya kazi kila siku, wino unatembea na matundu yanabaki wazi. Ikilala wiki nzima kwa kukosa kazi, matundu yanaziba, unaanza kuyasafisha kwa kumwaga wino ambao umeununua kwa hela yako. Yakigoma kabisa, unanunua hedi mpya. Ongeza vumbi letu na joto la Dar, maana mashine hizi zinataka chumba cha nyuzi 20 hadi 25 hivi, kwa hiyo na kiyoyozi kinakuhusu. Ongeza na umeme ukikatika katikati ya kazi: hedi inabaki katikati ya njia, haijarudi kwenye kifuniko chake, inapigwa na hewa. Bila UPS unacheza pata potea.

Kwa maneno mengine, printa ni kama ng'ombe wa maziwa. Inakula hata siku ambayo hukamui.

Tukarudi Temeke, tukakaa chini na kalamu. Namba hizi ni za mfano tu, wewe weka zako. Tuseme printa na vikorokoro vyake ni shilingi milioni 12. Tuseme kila mita mraba inakuachia shilingi 3,000 baada ya kutoa turubai, wino, umeme na pango. Ukipata mita mraba 10 kwa siku, kwa siku 25 za mwezi ni mita 250, faida 750,000. Hela ya bi mkubwa inarudi kwa miezi 16. Safi kabisa! Lakini ukipata mita 3 kwa siku, faida ni 225,000 kwa mwezi, na hapo unahitaji zaidi ya miaka 4 kuirudisha, bila kuhesabu hedi hata moja.

Nikamuuliza jamaa, kwa mwezi unapeleka Kariakoo mita ngapi? Kimya. Hajawahi kuandika. Tukakusanya risiti na meseji za simu, tukajumlisha. Wastani haukufika hata mita 3 kwa siku.

"Lakini wakati wa uchaguzi kazi zinafurika," akajitetea. Kweli, lakini uchaguzi mkuu ni mara 1 kwa miaka 5. Ulikuwapo 2020, ukawapo 2025. Katikati hapo hedi itakula nini?

Muuzaji mwingine alitupeleka kwenye ile mashine inayochapa na kukata humo humo. Kampuni kama Roland na Mimaki za Japani zinazitengeneza, na kwa stika ndogo zenye picha ni raha tupu. Lakini ikiwa inakata haichapi, na ikiwa inachapa haikati. Ikiumwa, ofisi nzima imelala kitanda kimoja. Tena stika ya gari inayotaka plastiki ya juu ya kuikinga lazima kwanza uiache wino utoe hewa yake, takriban saa 24, ndipo uibandike plastiki, ndipo ukate. Kwa hiyo utaitoa na kuirudisha mashineni vile vile.

Sasa mizani ikaelekea kwenye plota. Haina wino wa kukauka, ikilala mwezi mzima haidai kitu. Maandishi ya bajaji, namba za milango, majina ya maduka kwenye vioo, yote ni kazi zake. Na kuna siri moja tamu: ukiwa na pasi ya kubana kwa joto na ile karatasi ya kukatia ya fulana, unaweka majina na namba kwenye jezi za timu za mtaani. Ukumbuke tu kugeuza maandishi kinyume kabla ya kukata.

Lakini na plota nazo siyo zote bomba, kuna vimeo. Angalia mambo manne. La kwanza, upana: roli la kawaida ni sentimita 61, hakikisha linaingia. La pili, mota: zile za servo zina utulivu na usahihi kuliko za bei rahisi. La tatu, iombe ikate duara mbele yako, kisha tazama kama mwanzo na mwisho wa mstari vimekutana. Visipokutana, sema asante na utoke. La nne, na hili ndilo kubwa, iwe na jicho. Jicho hilo linasoma alama ndogo zilizochapwa pembeni ya picha, kisha kisu kinakata kufuata picha ilivyo. Ukiwa nalo, unachapisha Kariakoo, unakuja kukata nyumbani. Bila jicho, utakata pua ya mteja.

Jamaa akachukua plota yenye jicho, akanunua na pasi ya kubana. Ilipofika, bi mkubwa aliitazama, akaizunguka, akaguna. "Baba, mashine yenyewe ndiyo hii?" Mwanawe akamkabidhi kitabu cha benki: sehemu kubwa ya fungu ilikuwa bado humo. Mama akakaa chini, akavua miwani, akaisoma ile namba mara mbili. Hakusema kitu, lakini jioni ile tulikula pilau.

Siku hizi jamaa ana daftari. Kila mita anayopeleka Kariakoo anaiandika. Siku daftari likisema mita 10 kwa siku kwa miezi 3 mfululizo, ndipo tutakwenda kununua printa, tena kwa muuzaji mwenye fundi wake hapa hapa mjini na hedi za akiba stoo, siyo wa "itaagizwa". Mpaka hapo, watu wa Kariakoo wanamlishia ng'ombe bure.

Kwa hiyo wewe unayeota printa, swali la kwanza siyo mashine ipi, ni daftari lako linasemaje. Kama huna daftari, la kurasa 96 linatosha, kanunue leo.

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Kaeni chonjo, na fedha za wazazi tuziheshimu!