Madai Yasiyosubiri Mashairi

Tarehe 31 Desemba 1970, wengine wakijiandaa kuupokea mwaka mpya, mpiga piano Herbie Hancock na wenzake walikuwa studioni San Francisco wakirekodi kipande cha takriban dakika 13 kisicho na neno hata moja. Walikiita "Ostinato (Suite for Angela)". Huyo ni Angela Davis, mwalimu wa falsafa aliyeandamwa na wakuu wa Chuo Kikuu cha California kwa ukomunisti wake, kisha akashtakiwa kwa sababu bunduki zilizonunuliwa kwa jina lake zilitumika katika shambulio kwenye mahakama ya Marin. Siku tano baada ya kurekodiwa kwa kipande hicho, Davis alisimama kizimbani huko huko Marin, ng'ambo ya daraja la Golden Gate, akakana mashtaka. Aliachiwa huru Juni 1972.

Je, muziki usioimbwa unaweza kudai haki ya mtu? Wengi Afrika Mashariki watatikisa kichwa. Kwetu ujumbe hutafutwa kwenye mashairi. Remmy Ongala alipotunga "Mambo kwa Soksi", kilichowatia watu hofu ni maneno kuhusu kondomu, si gitaa. Hata bendi zetu zilizojiita jazz, kama Morogoro Jazz na Nuta Jazz, zilimwachia mwimbaji kazi ya kusema, ala zikabaki na kazi ya kuchezesha. Ni desturi nzuri, na imetupa watunzi hodari. Lakini imetuzoesha kuziba masikio mara tu mwimbaji anaponyamaza.

Santuri yenye kipande hicho ilitoka 1971 kwa jina la Mwandishi, ambalo ndilo jina la Kiswahili la Hancock mwenyewe. Majina ya namna hiyo yaliingia katika kundi kupitia James Mtume, mwanamuziki kijana wa Us, chama cha Wamarekani Weusi cha Maulana Karenga. Mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji. Billy Hart wa dramu, Jabali. Bennie Maupin, Mwile. Julian Priester wa tromboni, Pepo. Eddie Henderson wa tarumbeta aliitwa Mganga, na hapo hapakuwa na mzaha, kwani alikuwa daktari aliyesomea kazi hiyo. Msomaji wa Mombasa au Tanga ana ruhusa ya kutabasamu. Hata hivyo, majina na tabaruku ni vitu vya kubandika juu ya jalada. Vingeweza kubandikwa kwenye muziki wa aina yoyote.

Siasa ya muziki huu imo katika namna unavyopigwa. Katika "Ostinato", besi inarudia fungu la mapigo 15, hesabu inayomnyima msikilizaji mahali pa kuegemea. Madramu ni mawili: la Hart na la Leon Chancler, kijana wa miaka 18 aliyejulikana kama Ndugu, yule yule aliyekuja kupiga dramu katika "Billie Jean" ya Michael Jackson. Piano ya umeme ya Hancock inapitia kwenye mashine ya mwangwi iitwayo Echoplex, inayonasa sauti kwenye utepe na kuirudisha baada ya kitambo, ikiwa imechujuka kidogo. Mpigaji anajikuta akijibizana na alichokipiga muda mfupi uliopita, huku wenzake nao wakimjibu. Kiongozi ndiye aliyeandikwa jina juu, lakini kwa dakika nyingi ni vigumu kusema nani anaongoza.

Kisha ikaja sintesaiza. Hancock hakuwa mgeni wa nyaya. Alianza chuo kikuu akisomea uhandisi wa umeme. Wakati wa kutengeneza santuri ya Crossings, iliyotoka 1972, prodyuza wake David Rubinson alimpeleka kwa Patrick Gleeson, Mzungu aliyewahi kufundisha fasihi ya Kiingereza kabla ya kuzama katika mashine za Moog. Nia ilikuwa Hancock afundishwe kuitumia mashine hiyo. Alipoisikia kazi ya Gleeson, akamwachia apige mwenyewe, kisha akamwingiza katika bendi na kusafiri naye. Sintesaiza za wakati huo hazikuhifadhi sauti: kila mlio ulisukwa upya kwa mkono, kwa kuchomeka waya na kuzungusha vitufe. Kwa hiyo fundi wa mashine naye alilazimika kubuni papo hapo kama mpiga tarumbeta, akiwasikiliza wengine. Leo, vijana wengi wanapopanda jukwaani na kompyuta iliyokwisha kupangiwa kila kitu, ni haki kuuliza kama mashine hiyo inamsikiliza mtu yeyote.

Kuzisifu ala hakuna maana kwamba maneno yafukuzwe. Irreversible Entanglements, kundi lililozaliwa mwaka 2015 katika harakati za wanamuziki dhidi ya ukatili wa polisi jijini New York, linaongozwa na ushairi wa Camae Ayewa. Ila ondoa mashairi yake, na bado vyombo vinabishana kwa ukali ule ule.

Kundi la Mwandishi lilivunjika 1973 kwa sababu ya fedha. Hancock alikuwa akilibeba kwa mapato ya tungo zake za zamani, hasa "Watermelon Man". Mwaka huo huo alitoa Head Hunters, santuri ya funk iliyouzwa kwa wingi ajabu, na wapo waliomwita msaliti. Lawama hiyo ni ya uonevu. Aliyeilipia bendi ya majaribio kutoka mfukoni mwake ana haki ya kutafuta riziki.

Lawama inayostahili ni nyingine. Katika Head Hunters, "Watermelon Man" mpya inaanza kwa mpiga ngoma Bill Summers kupuliza chupa ya bia, akiiga filimbi na sauti za Wababenzele wa Afrika ya Kati zilizokuwa kwenye santuri ya watafiti. Miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Steven Feld alimuuliza Hancock kuhusu hilo, naye akajibu kwamba hayo ni mambo ya ndugu kwa ndugu. Jibu hilo halitoshi. Gleeson, mwenye sauti ngeni kuliko zote, alikaribishwa jukwaani apige na kuamua pamoja na wenzake. Kwa Wababenzele, iliyoalikwa ni sauti yao tu.