Sisi si Nyasi

Ipo methali ambayo kila ifikapo Agosti naisikia hapa Kipawa, barazani na ndani ya daladala, pale mtu anapoikumbuka Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998: wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Husemwa kwa sauti ya huruma, kisha mazungumzo hugeuzwa, kana kwamba methali imekwisha kuwasomea hitima waliokufa. Mimi ni mpenzi wa methali. Sehemu kubwa ya ushairi wangu nimejifunza kwazo, kwani sikupata mwalimu mwingine. Lakini hii, kwa siku ile, naikataa.

Tuitazame siku yenyewe. Baada ya saa nne na nusu asubuhi, lori lililojazwa baruti lililipuka mbele ya ubalozi wa Marekani, Barabara ya Laibon, Oysterbay, katika Wilaya ya Kinondoni. Watu 11 walikufa na 85 wakajeruhiwa. Katika muda huo huo lori jingine lililipuka Nairobi. Jengo la Ufundi lililopakana na ubalozi likaporomoka, na watu 213 wakapoteza maisha. Katika hao 213, Wamarekani walikuwa 12. Katika wale 11 wa Dar es Salaam, hakuwamo hata mmoja.

Irudie sentensi hiyo ya mwisho, ewe msomaji, kisha ufungue vitabu vinavyoorodhesha mashambulio ya kigaidi dhidi ya Marekani na washirika wake. Utatukuta humo katika mstari mmoja, baina ya Khobar ya mwaka 1996 na meli ya Cole ya mwaka 2000. Kazi yangu ni tafsiri, na neno hili "washirika" limenikosesha raha. Mshirika ni yule mliyekubaliana naye jambo, mkagawana faida na hasara. Mlinzi aliyesimama langoni asubuhi ile alikubaliana nini na nani? Alikuwa na ajira, hakuwa na mkataba wa vita. Nchi yake yenyewe ilijivunia kutofungamana na upande wowote. Kumwita mshirika ni kumvika kanzu ya mtu mwingine akiwa maiti, asiyeweza kuivua.

Na hesabu ilipofika kwenye fedha, ushirika huo ulijulikana uzito wake. Mwaka 2020 Sudan ilikubali kulipa dola milioni 335 kwa ajili ya wahanga wa mashambulio hayo. Kwa mgawanyo uliotangazwa, familia ya raia wa Marekani aliyeuawa ilipangiwa dola milioni 10 au zaidi. Ya mwenyeji aliyefanya kazi katika ubalozi huo huo, dola 800,000. Wapita njia wa Nairobi, ambao hawakuwa waajiriwa wa ubalozi, hawakupangiwa kitu.

Lakini nisiwalaumu walio mbali peke yao. Nina neno na wa kwetu pia. Wapo ambao mpaka leo, wakitajiwa waliokufa, hujibu kwa kutaja dhulma za wakubwa: makombora yaliyokibomoa kiwanda cha dawa cha al-Shifa, Khartoum, tarehe 20 Agosti mwaka ule ule, shuku zilizowaangukia Waislamu wa pwani, Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002. Malalamiko hayo yana haki yake, nami nimo miongoni mwa walalamikaji. Ila dhulma haiwi kafara ya dhulma. Aliyelipua lori lile hakumgusa tembo. Alimuua jirani yetu. Tarehe 28 Novemba 2002 wenziwe wakarudia yale yale hotelini Kikambala, kaskazini ya Mombasa: waliwakusudia wageni wa Kiisraeli, wakaua watatu, na Wakenya kumi.

Tena wauaji hawakutoka mbali wote. Khalfan Khamis Mohamed na Ahmed Khalfan Ghailani, waliohukumiwa vifungo vya maisha mjini New York, wa kwanza mwaka 2001 na wa pili mwaka 2011, ni wazaliwa wa Zanzibar. Nayaandika haya katika jarida la visiwani si kwa kuwaaibisha wenyeji. Kisiwa hakihukumiwi kwa watoto wawili. Nayaandika kwa kuwa methali ya tembo inatufichia jambo hili. Nyasi hazikanyagani zenyewe kwa zenyewe. Watu ndio wauanao, na watu ndio waulizwao.

Hebu tazama basi: majina ya wauaji nimeyaandika bila kufungua kitabu. Waliouawa tunawajua kwa idadi tu. Bustani ya kumbukumbu yao ipo Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, lakini mashairi yetu yako wapi? Sisi tulio na tenzi za vita na za mauti, tulio na ada ya kumlilia mtu kwa jina lake, nasaba yake na mtaa wake, tumewaachia makarani wa mbali kazi ya kuwaandika watu wetu.

Sitayataja majina yao hapa, kwa sababu sijabisha hodi kwa jamaa zao kuomba idhini. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza, na naanza nayo mimi. Mwenye kalamu na aungane nami. Na mwenye methali na aiweke kando mpaka turudi.