Pikipiki ya kaka imechoka, na wifi ana mimba ya miezi sita

Kaka yangu anaishi Soni, wilayani Lushoto. Ana pikipiki ya cc 125 aliyoinunua kwa mtu, na sasa imepita miaka kumi barabarani. Mwezi uliopita alikuwa akipandisha kutoka Mombo. Wifi alikaa nyuma na mimba yake ya miezi sita, mtoto wao wa miaka minne katikati, na mfuko wa mchele ulifungwa kwenye keria. Walipofika kwenye kona moja kali, lori likiwa nyuma yao, injini ikaguna, ikazima. Pikipiki ikaanza kurudi nyuma.

Hawakuanguka. Wifi alishusha mguu haraka kuizuia, shavu la mguu likagusa bomba la moshi. Dereva wa lori aliwahi kusimama. Jioni wifi alinipigia simu kuulizia dawa ya kuungua tu. Hayo mengine niliyatoa kwake kwa kumhoji.

Kaka alipochukua simu alisema, "Pikipiki nzima hiyo, mdogo wangu. Ni petroli chafu."

Inawezekana. Lakini hebu tupige hesabu, maana wazazi wengi tunatazama kama pikipiki inakimbia, hatutazami kama ina nguvu ya kubeba.

Pikipiki nyingi za aina hii, ikiwa mpya, injini yake ina nguvu ya farasi kama 11. Nguvu hiyo yote hupatikana injini ikizunguka kwa kasi sana. Ukiwa gia kubwa na injini inazunguka taratibu, unapata sehemu ndogo tu. Sasa chukua mlima unaopanda mita 10 kwa kila mita 100, mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Kaka akiwa peke yake, kupambana na mlima tu kunakula farasi 2 hivi. Ukimwongeza wifi, mtoto na mchele, inakuwa farasi 3, yaani nusu zaidi, kabla hujahesabu upepo na tairi.

Halafu kuna urefu wa mahali. Kadiri unavyopanda, hewa inapungua, na injini ya kabureta inapungua nguvu nayo. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na hapo injini imeshapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu yake. Ringi zikiwa zimelika, inapoteza zaidi. Ndiyo maana pikipiki inayompeleka baba kazini kila siku bila shida inaweza kumwangusha siku amebeba familia.

Dalili zipo, ukitaka kuziona. Mlima uliokuwa unapanda kwa gia ya tatu sasa unadai ya pili. Moshi wa bluu unatoka, oili inapungua bila kuvuja. Ukivuta mafuta injini inapiga kelele lakini pikipiki haiondoki. Hapo klachi inateleza. Mwambie fundi apime mgandamizo wa injini, asiishie kubadilisha plagi. Wapo mafundi watakaokuwekea sproketi ya nyuma yenye meno mengi zaidi. Itavuta vizuri mlimani, kweli, lakini injini haijaongezewa nguvu hata kidogo, na mbele ya lori linalokuja huna akiba.

Na kushuka je? Mimi kushuka kunaniogopesha kuliko kupanda. Uzito ule ule unakusukuma, breki zinapata moto. Shuka na gia ndogo, usiachie pikipiki iteleze na klachi imeshikwa, wala usizime injini eti unabana mafuta.

Kwa bodaboda, kanuni zinataka abiria mmoja, na mtoto wa chini ya miaka tisa haruhusiwi. Najua asubuhi ya shule ilivyo, tena mvua ikinyesha. Lakini mtoto wa miaka minne miguu yake haifiki pa kukanyagia, inaning'inia karibu na lile bomba. Kumweka mbele juu ya tangi si nafuu: pikipiki ikigonga kitu, yeye ndiye wa kwanza kukutana na usukani.

Kuungua kwa bomba la moshi: weka mguu kwenye maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Si barafu. Dawa ya meno, mafuta ya kula, yai, vyote viache jikoni na bafuni. Usipasue lengelenge. Jeraha likiwa kubwa, au limekuwa jeupe au jeusi, nenda kituo cha afya. Kwa mtoto mdogo usisubiri.

Mama mjamzito akianguka au akigongwa tumboni, aende siku hiyo hiyo hata kama hasikii maumivu. Kondo la nyuma linaweza kuanza kuachia bila damu kuonekana nje. Tumbo kukaza, damu kutoka, au mtoto kupunguza kucheza, usingoje kupambazuke. Wifi nilimlazimisha aende ingawa hakuanguka. Alipimwa, mapigo ya moyo ya mtoto yakasikika vizuri.

Kaka amekubali nusu. Pikipiki ameipeleka kwa fundi, na ringi zilikuwa zimekwisha kweli, ingawa petroli bado anailaumu. Wifi sasa anapanda gari la abiria, nauli inatoka kwa kaka bila mjadala, na mchele ndio unaopanda pikipiki. Mtoto analia kila anapomwona baba yake anaondoka bila yeye. Shangazi nimesema aachwe alie.