Hazina Iliyofichika, Imefichwa na Nani?

Ukitaka kujua kama mwandishi wa makala ya utalii alilala Kibakwe au alipita tu na gari, tafuta maneno mawili: "hazina iliyofichika." Ukiyakuta, hakulala. Nayajua vizuri kwa sababu niliyaandika mimi.

Ilikuwa safari ya siku moja, na msafara. Tulitoka Dodoma alfajiri, tukapita Mpwapwa na Gulwe, tukaingia bonde la Kibakwe jua likiwa utosini na milima ya Rubeho mbele yetu. Tukapiga picha, tukala pilau la wageni, saa tisa tukageuza. Nikaandika: bonde bikira, hazina iliyofichika.

Miezi michache baadaye nilirudi peke yangu kwa basi, nikapanga gesti siku nne. Asubuhi nilikuwa nakunywa chai kwa bibi mmoja ambaye mjukuu wake alishamsomea ile makala kwenye simu. Akaniuliza, wala hakukasirika: "Mwanangu, umesema tumefichwa. Kwani nani katuficha?"

"Nisamehe, bibi," nikasema. Akanimiminia kikombe kingine.

Swali lake bado linanisumbua. Nani kaficha? Njia ya misafara ya kutoka pwani kwenda bara ilivuka milima hii tangu karne ya 19. Richard Burton alipopita Rubeho mwaka 1857, yeye mgonjwa na mwenzake Speke hoi kwa homa, hakugundua chochote. Alifuata njia iliyokwisha kukanyagwa na wapagazi, akiongozwa na watu waliojua maji yako wapi.

Hata jina Rubeho linatusuta. Mgogo akisema mbeho, anakwambia kuna upepo na baridi. Sasa jiulize: nani aliweza kuipa milima hii jina la baridi? Si mtu wa msafara wa saa sita mchana. Mchana pale ni jua. Baridi ya Rubeho huijui mpaka ulale.

Wanasayansi nao wana kisa chao. Mwaka 1991, kwenye milima jirani ya Udzungwa, watafiti wa Denmark waliona miguu ya ndege wasiyemfahamu ndani ya chungu cha kambini. Kwale ambaye sayansi haikuwahi kumsikia alikuwa tayari kitoweo! Ndugu yake wa Rubeho alitambuliwa kuwa spishi ya peke yake mwaka 2005. Mara nyingi "kugundua" ni mgeni kuchungulia chungu cha mwenyeji.

Mtaniambia, ah, hayo ni maneno tu, ya nini kugombana? Hapana. Katika wilaya ya Mpwapwa neno hazina si pambo. Mwaka 2008 rubi za Winza, wilaya hii hii, zilitikisa soko la vito duniani, na watu wakamiminika. Ukiandika kwamba bonde ni bikira, umeandika kwamba halina mwenyewe. Atakayekusoma haji kupiga hodi, anakuja kupima viwanja. Mashamba yapo, makaburi ya mababu yapo, lakini kwenye makala yako hayamo.

Halafu kuna wimbo wa "hakuna pa kulala", eti mpaka ijengwe hoteli kubwa kileleni. Pa kulala papo. Nimelala. Kuna blanketi zito, kuna ndoo ya maji ya moto asubuhi. Kinachokosekana ni mgeni mwenye subira. Mgeni wa siku moja anaacha vumbi. Anayelala anaacha hela kwa mwenye gesti, kwa mama ntilie, kwa kijana wa bodaboda, na anaondoka na majina ya watu badala ya picha za mgongo wa mlima.

Sisemi watu wasiende. Waende, tena wengi. Nasema sisi wenye kalamu tuache kuwatangulia na uongo. Wahariri, mkimtuma mtu Kibakwe, mpeni hela ya kulala siku tatu au msimtume kabisa. Na wewe mwandishi mwenzangu, siku ya kwanza usiandike kitu. Acha jua lizame, mbeho ishuke bondeni, uende mlangoni kwa mwenye gesti kuomba blanketi la pili. Kesho yake ndiyo uanze kuandika.