Unauza ng'ombe wa maziwa, unanunua mtamba!

Wadau, nilikwenda Mhezi, kule milimani Upareni, wiki moja kupumzisha kichwa. Sikukipumzisha. Jioni ya kwanza tu mjomba wangu akanianza na Simba. Mimi ni Simba, yeye ni Simba, nasema mapema msije mkanitafuta ubaya.

Ubishi wenyewe ni ule wa Agosti 2021. Simba ilimuuza Clatous Chama kwa RS Berkane ya Morocco na Luis Miquissone kwa Al Ahly ya Misri, dirisha moja. Mjomba anasema ile ilikuwa biashara safi: mchezaji akipata bei unauza, unaleta vijana wenye njaa, unajenga timu ya kesho. Wakaja kina Pape Sakho na Peter Banda. Nusu ya mji ilisema hivyo hivyo, na magazeti yetu (langu pia, nakiri) yakapiga makofi.

Jamani, hawa wawili hawakuwa wachezaji wa kawaida. Februari 2021 Miquissone ndiye aliyewafunga hao hao Al Ahly pale kwa Mkapa, 1-0, na Simba ikaongoza kundi lake Ligi ya Mabingwa kwa pointi 13. Chama ndiye aliyekuwa anafungua makopo yote. Ukiwatoa kwa mpigo, nani anafunga Jumamosi ijayo?

Jibu tulilipata Oktoba. Tulishinda 2-0 Gaborone dhidi ya Jwaneng Galaxy, tukaja nyumbani tukapigwa 3-1, tukatoka kwa bao la ugenini. Kocha Didier Gomes akaondoka. Halafu Yanga ikachukua ubingwa wa 2021/22 bila kupoteza hata mechi moja, ikakata mfululizo wetu wa miaka minne.

Lakini kinachoniuma mimi ni Januari 2022: Chama akarudishwa! Miezi mitano tu. Kama kweli ulikuwa mpango wa kujenga vijana, mbona ulikufa kabla Banda hajaizoea njia ya kwenda mazoezini?

Watu wa beziboli Marekani wanafanya biashara hii kila mwaka, tena wanabadilishana watu kwa watu. Desemba 2016 White Sox ya Chicago ilimtoa Adam Eaton, mpigaji aliyekamilika, kwenda Washington, ikachukua warushaji watatu vijana, mmoja wao Lucas Giolito. Washington ikatwaa ubingwa 2019, Eaton akiwemo. Na Giolito? Mwaka 2018 alikuwa na wastani mbovu kuliko warushaji wote waliocheza msimu mzima. Hapa kwetu angesindikizwa uwanja wa ndege kwa matusi. Wao wakaendelea kumpanga. Agosti 2020 akamaliza mchezo mzima bila wapinzani kupata hata pigo moja salama, na mwaka huo timu ikarudi kwenye hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2008. Walimngoja miaka mitatu. Sisi tunangoja hadi droo ya nyumbani.

Najua watu wa Jangwani mtaniambia Yanga ilimuuza Fiston Mayele kwa Pyramids 2023 na bado ikachukua ubingwa. Sawa. Ila mabao yalikuwa yameshahifadhiwa ndani: Aziz Ki alikuwepo tangu 2022, akafunga 21 msimu uliofuata, na Pacome na Nzengeli walikuja wakiwa tayari. Kijana aliyeletwa kuziba pengo la Mayele, Hafiz Konkoni kutoka Ghana, hakumaliza hata msimu. Kwa hiyo msinidanganye kwamba Yanga imefaulu kwa vijana. Imefaulu kwa kuwa na ng'ombe wa pili zizini.

Na Sakho mwenyewe, ambaye bao lake la tiktaka dhidi ya ASEC Mimosas lilichaguliwa na CAF kuwa bao la mwaka 2022, ndiyo kwanza kaiva, 2023 akauzwa Ufaransa. Tukaanza upya. Tena mwaka huo huo nani karudi? Miquissone!

Nikamuuliza mjomba: mwaka jana yule mfanyabiashara wa Same alipokuja na hela nzuri kwa ng'ombe wako, ungeweza kununua mitamba miwili ukabaki na chenji. Mbona ulimfukuza?

"Sasa mjomba, mtamba mpaka apandwe, abebe mimba miezi tisa, azae. Hawa watoto watakunywa nini muda wote huo?"

Nikanyamaza, nikamwangalia. Akanyamaza na yeye. Halafu akasema mpira siyo ng'ombe, na kwamba sisi waandishi hatujui biashara.

Haya, wenye Simba yenu, mjibuni nyie. Mtu akiletewa bei dirisha lijalo, nataka kusikia vitu viwili kabla ya picha za uwanja wa ndege: nani anafunga mechi inayofuata, na huyo kijana mpya amepewa misimu mingapi ya kukosea.